Daftari na Ghala: Jinsi Wakaguzi wa Hesabu Walivyolazimika Kuingia Stoo

Kila kampuni inayonunua na kuuza bidhaa huwa na mali yake mahali pawili: ghalani, ambako magunia, mapipa na makasha yenyewe yamepangwa, na daftarini, ambamo kila kilichoingia na kila kilichotoka kimeandikwa. Kuhesabu mali ghalani, yaani kuingia stoo siku maalumu, kuhesabu au kupima kila kilichomo na kulinganisha matokeo na leja, ndiyo njia ya kujua kama ghala na daftari vinakubaliana. Jambo hili si la watunza stoo peke yao, kwa sababu thamani ya bidhaa zilizobaki mwishoni mwa mwaka huingia moja kwa moja katika hesabu ya faida. Anayeongeza daftarini magunia elfu moja yasiyokuwapo hupunguza gharama ya bidhaa zilizouzwa kwa thamani ya magunia hayo hayo, na faida hupanda kwa kiasi kile kile bila senti moja kuingia sandukuni. Wadanganyifu waliifahamu njia hii mapema, lakini taaluma ya ukaguzi wa hesabu, ambayo kazi yake ni kuwathibitishia wenye mali kwamba taarifa za fedha ni za kuaminika, ilikaa miongo mingi bila kumlazimisha mkaguzi avuke kizingiti cha ghala. Wajibu huo ulizaliwa Marekani katika karne ya 20, na ulizaliwa kwa hasara kubwa.

Wazo lenyewe la kuhesabu ni la kale. Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko aliyechapisha mjini Venice mwaka 1494 kitabu cha hisabati chenye sehemu inayoeleza utunzaji wa hesabu kwa njia ya maingizo mawili, alimtaka mfanyabiashara aanze, kabla ya kufungua daftari lolote, kwa kuandika orodha ya kila anachomiliki, na akasisitiza kwamba orodha hiyo yote iwe ya siku moja. Sharti la siku moja lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa mali haikai kimya: shehena iliyohesabiwa Jumatatu katika ghala la kwanza inaweza kuhamishwa usiku na kuhesabiwa tena Jumanne katika ghala la pili, na hesabu ikatoka kubwa kuliko mali. Hata hivyo Pacioli alikuwa akizungumza na mwenye mali anayehesabu vitu vyake mwenyewe, ambaye hana sababu ya kujidanganya. Ugumu ulikuja baadaye, pale kampuni za hisa zilipotenganisha watu watatu: mwenye mali aliyeko mbali, meneja anayeishika mali hiyo kila siku, na mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka kuthibitisha maneno ya meneja.

Suala la nani kati yao ahesabu lilifikishwa mbele ya Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1896, katika shauri la kiwanda cha pamba cha Kingston. Meneja wa kiwanda hicho alikuwa ameongeza kwa miaka kadhaa kiasi na thamani ya pamba na nyuzi zilizokuwa zimebaki, akitia saini hati ya kuthibitisha akiba hiyo kila mwaka, na wakaguzi walizipokea hati hizo na kuziingiza katika mizania, yaani taarifa inayoonyesha mali na madeni ya kampuni, wakiandika wazi kwamba kiasi hicho kimethibitishwa na meneja. Wangechukua akiba ya mwanzo wa mwaka, wakajumlisha manunuzi na kutoa mauzo, wangeona kwamba kilichobaki hakiwezi kufikia kile kilichoandikwa. Majaji waliona kwamba si kazi ya mkaguzi kuhesabu mali, kwamba ana haki ya kumwamini mtumishi anayeaminiwa na kampuni yenyewe ikiwa hakuna jambo la kumtia shaka, na Jaji Lopes akatoa hapo maneno yake maarufu ya kumfananisha mkaguzi na mbwa mlinzi, si mbwa wa kunusa nyayo za wahalifu. Hukumu hiyo ilikuwa na mantiki ya kisheria, lakini ilimwachia meneja nafasi ya kuwa shahidi wa mali aliyoitunza mwenyewe, na kwa zaidi ya miaka 40 wakaguzi wa Uingereza na Marekani waliishi chini ya kivuli chake.

Kivuli hicho kilimfaa sana mtu aliyejiita F. Donald Coster. Jina lake halisi lilikuwa Philip Musica, mwana wa familia ya wahamiaji wa Kiitalia mjini New York, ambaye alikuwa amefungwa jela kwa kuwahonga maofisa wa forodha ili kukwepa ushuru wa jibini, na mwaka 1913 akakamatwa tena baada ya kukopa benki kwa dhamana ya makasha yaliyodaiwa kuwa na nywele za binadamu za bei kubwa, biashara iliyokuwa na soko kwa mitindo ya wanawake wa wakati ule, ilhali ndani yake mlikuwa na mabaki yasiyo na thamani. Ni vyema kulikumbuka kosa hilo la pili, kwa sababu kila alichofanya baadaye kilikuwa kosa lile lile kwa kipimo kikubwa zaidi. Mwaka 1926, akiwa na jina jipya, alinunua McKesson & Robbins, kampuni ya dawa iliyokuwa imeanzishwa New York mwaka 1833 na yenye sifa njema, akaikuza kuwa miongoni mwa wasambazaji wakubwa wa dawa Marekani, na akaishi Fairfield katika jimbo la Connecticut kama tajiri mwenye heshima.

Sehemu kubwa ya biashara ya McKesson & Robbins ilikuwa ya kweli. Uongo ulikaa katika idara moja, ile ya dawa ghafi, yaani malighafi za kutengenezea dawa, ambayo kwenye karatasi ilinunua bidhaa kutoka kwa wauzaji wa Kanada, ikaziacha katika maghala ya wauzaji hao hao huko Kanada, kisha ikaziuza nje kupitia kampuni iliyoitwa W. W. Smith & Company. Bidhaa hizo hazikuwahi kuwapo. W. W. Smith ilikuwa ofisi iliyoendeshwa na ndugu yake Coster, na kazi yake kubwa ilikuwa kutengeneza ankara, barua na hati za kusafirishia mizigo, wakati ndugu wengine wawili, nao wakiwa na majina ya bandia, walishika nafasi ndani ya McKesson yenyewe. Kwa mwaka 1937 peke yake mauzo ya uongo yalizidi dola milioni 18, na kati ya mali yote ya zaidi ya dola milioni 87 iliyoonyeshwa kwenye mizania ya Desemba 31 mwaka huo, takriban dola milioni 19 zilikuwa hewa: milioni 10 za bidhaa ghalani na milioni 9 za wadaiwa, yaani wateja waliodaiwa fedha kwa bidhaa ambazo hawakuwahi kuzinunua.

Mtu aliyeufichua uongo huo hakuwa mkaguzi. Julian Thompson, mweka hazina wa kampuni, alianza kujiuliza mwaka 1938 kwa nini idara yenye faida kuliko zote haileti fedha taslimu, na kila ilichopata kinarudi kununulia dawa ghafi nyingine. Kisha alipofuatilia taarifa za uwezo wa kifedha za W. W. Smith, zilizodaiwa kutoka kwa wakala maarufu wa taarifa hizo, akagundua kwamba zilikuwa za kughushi. Mwanzoni mwa Desemba 1938 kampuni iliwekwa chini ya mfilisi wa mahakama na biashara ya hisa zake ikasimamishwa katika Soko la Hisa la New York; alama za vidole zikathibitisha kwamba Coster ni Musica; na tarehe 16 Desemba alijiua kwa bastola nyumbani kwake.

Swali lililobaki liliwahusu wakaguzi. Price, Waterhouse & Co., moja ya kampuni za ukaguzi zilizoheshimika kuliko zote duniani, ilikuwa imekagua hesabu hizo mwaka baada ya mwaka. Uchunguzi wa Tume ya Dhamana na Masoko ya Mitaji ya Marekani (SEC), uliosikiliza ushahidi kuanzia Januari 1939, ulionyesha kwamba wakaguzi walikagua karatasi kwa bidii: walilinganisha ankara, walipitia hesabu za jumla, walipokea barua za wauzaji wa Kanada zinazothibitisha kwamba wanashikilia bidhaa za kampuni. Kitu ambacho hawakukifanya ni kwenda kuziona, na hawakukifanya kwa sababu mazoea ya taaluma wakati ule hayakuwataka wakifanye. Kila karatasi waliyoishika iliitolea ushahidi karatasi nyingine, na zote zilitoka katika mkono mmoja. Kampuni hiyo ya ukaguzi ilirudisha ada yake ya zaidi ya dola 500,000, na hapa inafaa kuipa haki yake: ilifanya kile ambacho kampuni nyingine yoyote ya wakati huo ingefanya, na jambo hilo ndilo lililotisha zaidi, kwa kuwa lilimaanisha kwamba aibu ni ya taaluma nzima.

Taaluma iliitikia haraka. Katika mwaka 1939 Taasisi ya Wahasibu ya Marekani ilipitisha tamko lake la kwanza la taratibu za ukaguzi, likaufanya uwepo wa mkaguzi wakati wa kuhesabu mali, pamoja na kuwaandikia wadaiwa moja kwa moja, kuwa sehemu ya kawaida ya ukaguzi pale inapowezekana na pale kiasi kinapokuwa kikubwa. Wajibu wa kuhesabu ulibaki kwa kampuni yenyewe, na mkaguzi akawa mtazamaji anayepima kama hesabu inafanywa kwa namna ya kuaminika, akihesabu mwenyewe baadhi ya vitu ili kujaribu hesabu za wengine.

Utaratibu uliokua kutokana na tamko hilo unastahili kutazamwa kwa karibu, kwani kila kipengele chake kinaziba tundu fulani. Kabla ya siku yenyewe, bidhaa mbovu hutengwa na bidhaa za watu wengine huwekwa alama, zisihesabiwe kama mali ya kampuni. Mapokezi na utoaji wa mizigo husimamishwa, na namba ya hati ya mwisho ya kupokelea na ya mwisho ya kutolea mzigo huandikwa, ili bidhaa iliyoingia saa ya mwisho isionekane ghalani bila kuonekana pia katika madeni. Wahesabuji huenda wawili wawili, mmoja akihesabu na mwingine akiandika, na ni lazima angalau mmoja wao asiwe mtunza stoo. Tena hawapewi kiasi kilichomo kwenye leja, kwa sababu aliyekwisha kuona kwamba daftari linasema 480 ataziona 480 hata zikiwa 460. Kila rundo hubandikwa kitambulisho chenye namba inayofuatana, na mwishoni vitambulisho vyote, vilivyotumika na visivyotumika, hukusanywa na kuhakikiwa, kwa kuwa kimoja kinachobaki mikononi mwa mtu kinaweza kujazwa jioni kwa rundo lisilokuwapo. Mkaguzi naye hujaribu kwa njia mbili: huchagua vitu sakafuni na kuvitafuta kwenye orodha, ili kujua kama kuna mali isiyoandikwa, kisha huchagua mistari kwenye orodha na kuitafuta sakafuni, ili kujua kama kuna maandishi yasiyo na mali. Njia hii ya pili ingetosha kuuangusha uongo wa McKesson kwa safari moja ya Kanada.

Ingedhaniwa kwamba kumwingiza mkaguzi ghalani kungemaliza tatizo. Miaka 24 baada ya tamko hilo, katika mji wa Bayonne, jimbo la New Jersey, ilibainika kwamba mtu anaweza kuingia ghalani, kupima kila kitu, na bado asione chochote.

Anthony De Angelis, aliyeitwa Tino, alianza maisha ya kazi kama mchinjaji na muuza nyama, na mwaka 1955 akaanzisha kampuni ya Allied ya kusafisha mafuta ya kula, hasa ya soya na pamba, akinufaika na mpango wa serikali ya Marekani wa kuuza ziada ya vyakula nchi za nje. Kampuni hiyo ilihifadhi mafuta katika matanki makubwa kando ya maji ya Bayonne na kukopa kwa kutumia stakabadhi za ghala. Stakabadhi ya namna hii ni hati inayotolewa na mwendesha ghala akithibitisha kwamba anashikilia kiasi fulani cha bidhaa, na benki huikubali kama dhamana kwa sababu mwendesha ghala ni mtu wa tatu asiye na maslahi katika mkopo. Kwa Allied, mtu huyo wa tatu alikuwa kampuni tanzu ya American Express, ambayo ilikodi matanki yale yale ya Allied, mahali pale pale, na kuyasimamia kwa kutumia watu waliokuwa watumishi wa Allied na waliobadilishiwa mwajiri kwa jina tu. Mabenki yaliliona jina la American Express juu ya stakabadhi na kutulia.

Tanki la mafuta hupimwa kutoka juu. Mtu hupanda ngazi, hufungua mfuniko, hushusha utepe wenye uzito mwishoni mpaka uguse chini, husoma kina cha mafuta na kuchota sampuli, kisha kina hicho hubadilishwa kuwa ujazo kwa kutumia jedwali la tanki husika. Huko Bayonne watu wa Allied ndio waliopanda na kupiga kelele kutoka juu kutaja kipimo, na wasimamizi waliosimama chini wakaandika walichosikia. Hata pale mtu wa nje alipopanda mwenyewe, mafuta ni mepesi kuliko maji na hukaa juu yake, kwa hiyo tanki lililojaa maji ya bahari na tabaka la mafuta juu lilionekana limejaa mafuta. Baadhi ya matanki yaliwekewa chumba chembamba cha chuma moja kwa moja chini ya mfuniko, kikajazwa mafuta matupu, na utepe ukishuka ndani ya chumba hicho hukutana na mafuta kutoka juu hadi chini. Mabomba yaliyounganisha matanki yaliwezesha mafuta yale yale kusukumwa kutoka tanki lililokwisha kupimwa kwenda lile litakalopimwa baadaye, na hapa onyo la Pacioli kuhusu siku moja lilirudi kwa nguvu ya pampu. Mwaka 1960 mtu asiyejitaja aliipigia simu American Express na kueleza kwamba matanki yamejaa maji, hata akataja kile chumba cha chuma. Ukaguzi ulifanyika, maji kiasi yakaonekana, maelezo yakatolewa na yakakubaliwa.

Hakukuhitajika hata kupanda ngazi ili kushuku. Stakabadhi zilizotolewa Bayonne zilifikia kudai mafuta mengi kuliko akiba yote ya mafuta ya soya iliyoonyeshwa na takwimu za serikali kwa Marekani nzima, na takwimu hizo zilichapwa wazi. Hakuna aliyezilinganisha, kwa sababu kila mwenye stakabadhi alizitazama za kwake tu.

De Angelis aliweka fedha alizokopa katika mikataba ya kununua mafuta kwa bei ya siku za mbele, akitarajia bei ipande, na bei iliposhuka Novemba 1963 hakuweza kulipa. Allied iliomba kufilisiwa tarehe 19 Novemba, na Ira Haupt & Co., wakala wa hisa aliyemkopesha kwa dhamana ya stakabadhi, akaanguka siku iliyofuata. Siku mbili baadaye Rais Kennedy aliuawa, na habari ya mafuta ikasukumwa kurasa za ndani. Matanki yalipofunguliwa, inasimuliwa kwamba moja lilimwaga maji ya bahari kwa siku 12. Hasara ilifikia takriban dola milioni 150, American Express ilikubali kulipa karibu dola milioni 60, na De Angelis alikiri kosa mwaka 1965 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 20, akaachiliwa mwaka 1972.

Mashauri ya miaka iliyofuata yalirudia mambo hayo kwa sura nyingine. Crazy Eddie, kampuni ya maduka ya vifaa vya umeme ya New York, iliongeza kiasi cha mali katika orodha baada ya wakaguzi kuondoka, na wamiliki wapya walipoichukua mwaka 1987 na kuhesabu upya, zaidi ya dola milioni 40 za bidhaa hazikuonekana. Phar-Mor, iliyokuwa na maduka karibu 300 na makao yake Ohio, ilijulishwa mapema na wakaguzi ni maduka gani machache yatakayotembelewa, ikayajaza bidhaa na kuacha uongo ukae katika mengine, mpaka ulipofichuliwa mwaka 1992. Teknolojia haikubadilisha kiini cha jambo. Msimbo wa mistari wa bidhaa za madukani, uliosomwa kwa mara ya kwanza katika duka la Troy, Ohio, tarehe 26 Juni 1974, na utaratibu wa kuhesabu sehemu ndogo ya stoo kila wiki badala ya kusubiri mwisho wa mwaka, umefanya makosa ya kawaida yagundulike haraka, lakini mashine husoma kibandiko cha kasha, haisomi kilichomo ndani.

Leo Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 501, kinachotumiwa na wakaguzi wa Tanzania chini ya bodi yao ya wahasibu, NBAA, na wa Kenya chini ya taasisi yao, ICPAK, kinamtaka mkaguzi ahudhurie uhesabuji wa mali pale mali hiyo ni kubwa kiasi cha kuathiri taarifa za fedha. Mfumo wa stakabadhi nao umefika Afrika Mashariki na kugusa watu wengi zaidi kuliko ulivyowagusa wenye mabenki wa New York: Tanzania ilitunga Sheria ya Stakabadhi za Ghala mwaka 2005 na kuutumia mfumo huo kwa korosho za kusini tangu msimu wa 2007/2008, na Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2019. Mkulima wa Mtwara anayekabidhi korosho kwa chama chake cha msingi hurudi nyumbani na karatasi, na malipo yake hutegemea mnada wa mzigo ambao hauoni tena. Kwa mkulima huyo Bayonne si habari ya mbali. Viongozi wa vyama vya msingi na wasimamizi wa mfumo huu wanapaswa kukataa taarifa yoyote ya ghala iliyotiwa saini na mtunza ghala peke yake, wadai hesabu isiyotangazwa mapema, na wampeleke juu ya rundo mtu ambaye mshahara wake hautoki kwa mwenye ghala.